Jinsi ya kusoma kiota: anza na vifaa, fundi utamjua tu

Wengi wetu tukiona kiota tunainua kichwa kumtafuta ndege, ndege hayupo, tunaondoka zetu. Mi nakwambia fanya kinyume. Achana na ndege kwanza, angalia kimejengwa na nini. Ni majani mabichi au makavu, vijiti, matope, utando wa buibui, au manyoya yamegandishwa na mate? Ukishajua vifaa umeshajua nusu ya habari, kwasababu kila mnyama anajenga na kile mdomo wake au miguu yake inaweza kushika, mwenye mdomo mwembamba anafanya kazi ya nyuzi, mwenye mdomo mnene anachana majani, na wengine hawabebi chochote, wanachimba shimo basi.

Alafu tukubaliane kitu kimoja mapema. Kiota sio nyumba. Najua watoto tunawaambia "ile nyumba ya ndege" lakini kwa ndege walio wengi ile ni leba, wanaingia kutaga, wanaatamia, wanalisha makinda, makinda yakiruka wanasepa na usiku wanalala kwenye matawi kama kawaida yao. Ukikijua hilo utaacha kushangaa kwanini kiota kizuri namna ile kimetelekezwa mwezi mmoja tu baada ya kujengwa. (Sokwe ndo kinyume kabisa, nitafika huko.)

Muda wa kwenda kuangalia

Fuata mvua. Kwa huku kwetu ni masika, Machi mpaka Mei, na vuli, Oktoba mpaka Desemba, japo sikuhizi mvua zenyewe zinakuja zinavyotaka. Sababu ni rahisi: mvua inaleta nyasi mbichi za kusukia, inaleta matope ya kujengea, na inaleta wadudu wa kulishia watoto. Kiangazi kikali utakuta viota vingi ni vya zamani, na hivyo ndo vizuri kuvichambua, hilo nalo nitalieleza chini.

Asubuhi saa moja mpaka saa nne ndo mafundi wanakua kazini. Beba simu yenye kuzumu vizuri, daftari, rula, darubini kama unayo. Kaa mbali, na kipimo cha "mbali" sio mita ngapi, kipimo ni ndege mwenyewe. Ukiona ana chakula au jani mdomoni lakini anarukaruka tawi hadi tawi bila kuingia, anapiga kelele ileile moja ya kurudiarudia, ujue wewe ndo tatizo, umesogea mno. Rudi nyuma mpaka aingie. Na usikate matawi yanayoziba ili upate picha nzuri, yale majani unayoyaona kero ndo pazia lake la kujificha na mwewe na nyoka.

Mnana, msusi wa mikeka

Anza na huyu maana yuko kila mahali, hana aibu na anajenga mchana kweupe. Mnana, wengine wanamwita kwera, wale ndege wa njano wenye kichwa cheusi wanaojazana kwenye mnazi au mgunga mmoja wanapiga kelele kama soko la samaki. Bibi yangu alikua anasuka mikeka, na nilivyokuja kumuangalia mnana kwa makini ndo nikaona kumbe anachofanya ni kilekile bibi alichokua anafanya, tofauti bibi alikua na mikono miwili.

Kwanza anatafuta chane. Anatua kwenye jani la mnazi, mgomba au nyasi ndefu za mabingobingo, anaking'ata kingo ya jani upande wa chini anakata kidogo, alafu anashika hapohapo pa mkato anaruka nacho kuelekea ncha ya jani. Jani linachanika lenyewe kwa urefu, anaondoka na utepe mrefu mwembamba wa kijani. Ndo maana ukipita chini ya minazi yenye wanana wengi unakuta makuti yamebaki njiti tupu, na mwenye shamba analalamika, na ana haki ya kulalamika.

Zingatia rangi hapo. Anatumia mbichi tu. Anayesuka ukindu analijua hili bila kuambiwa, chane ikikauka haipindi inakatika, ndo maana ukindu unalowekwa kabla ya kusukwa. Mnana hana beseni la kulowekea kwaiyo anachuma na kusuka papo hapo. Kiota cha kijani maana yake kimejengwa jana au juzi. Kikiwa kijani-njano kina siku kadhaa. Kikishakua kahawia kabisa ni cha muda mrefu, na kama bado kiko kitupu basi kuna stori ya huzuni humo ndani, subiri.

Sasa ujenzi. Anachagua tawi lenye kuning'inia, anapenda la mwiba au lililoinama juu ya maji, na mara nyingi anayanyofoa majani ya tawi lile ili nyoka akija aonekane mapema. Anakanyaga utepe kwa mguu usiondoke, mdomo unauzungusha kwenye tawi, unaupenyeza chini ya mkunjo wake wenyewe na kuuvuta. Fundo. La kweli kabisa, sio kubahatisha. Baada ya mafundo kadhaa anatengeneza pete ya wima, duara kama bangili kubwa, na hiyo pete ndo msingi wa kila kitu. Kuanzia hapo hatoki ndani ya pete. Anasimama humo akiangalia upande mmoja, anasuka mbele yake mpaka mdomo unapoishia kufika, kikawa chumba cha mayai. Bila kugeuka anainamia nyuma, kichwa kinapinda juu, anasuka upande wa pili mpaka mdomo unapoishia, ikawa sebule na mlango unaotazama chini. Yaani ramani yote ya nyumba ni urefu wa shingo yake. Nilivyokuja kuelewa hili nilikaa chini kwanza.

Juu anaweka dari, vipande vifupi vipana vya majani vilivyobanwa kwa ndani, ili mvua isipite. Akijituma anaweza kumaliza gamba lote ndani ya siku moja.

Alafu inakuja kazi ngumu kuliko kusuka, kumshawishi mwanamke. Dume ananing'inia kichwa chini chini ya mlango anapigapiga mbawa, jike anakuja anaingia ndani, anavutavuta nyuzi kuangalia kama zimekaza. Akikubali, yeye ndo anaingiza godoro: nyasi laini za mbegu, manyoya. Akikataa anaondoka bila maelezo. Na kiota kikikataliwa mpaka kikakauka kikawa kahawia, basi hakuna atakayekitaka tena, dume mwenyewe anakibomoa anaanza upya palepale. Ukiona chini ya mti kuna marundo ya viota vilivyoanguka usifikiri ni upepo tu, vingine ni maombi yaliyokataliwa.

Mnana hazaliwi na ufundi umekamilika. Madume machanga yanasuka vitu vya hovyo, mapete yasiyofunga, viota vyenye matundu kila upande. Na watafiti waliowarekodi aina nyingine ya wanana kule Botswana waligundua hata dume mmojammoja habadiliki kuwa mashine, kiota hiki anaanzia kushoto kile anaanzia kulia, na jinsi anavyojenga zaidi ndo anavyopunguza kudondosha majani chini. Uzoefu kazini, kama fundi yeyote.

Jaribio la kufanya nyumbani na watoto: chukua chane kumi mbichi za mnazi, kijiti, na kibano kile cha kutolea miba. Mkono mmoja nyuma. Kwa kibano peke yake funga fundo moja linaloshika kwenye kijiti, unaruhusiwa kukandamiza na kidole kimoja cha mkono uleule (huo ndo mguu wa mnana). Mi nilichukua dakika ishirini na fundo lilifunguka.

Fundichuma, huyu ni kontrakta

Ukiona kwenye njia panda ya matawi ya mti mkubwa, karibu na mto, bwawa au jaruba la mpunga, kuna lundo la vijiti kama mtu kamwaga tela la kuni juu ya mti, huyo ni fundichuma, wengine wanamwita msingwe. Ndege mwenyewe wa kahawia, sio mkubwa kihivyo, kichwa kama nyundo. Lakini kiota kinaweza kufika upana wa mita moja na nusu, vijiti 8,000 mpaka 10,000, na mtu mzima akisimama juu yake kinahimili. Usijaribu, mti wenyewe ndo hauna uhakika.

Jinsi ya kukisoma: anza chini. Mlango uko upande wa chini, tundu dogo, na ukiwa na darubini utaona njia ya kuingilia imepigwa lipu ya matope safi kabisa. Dume na jike wanajenga pamoja. Wanaanza na jukwaa la fito kwenye panda ya matawi, wanainua kuta mpaka iwe kama beseni, alafu kenchi na paa, paa zito la vijiti, nyasi na matope, na mwisho wanakandika ndani. Juu kabisa ya paa wanatupia vikorokoro: vitambaa, mifupa, ngozi, plastiki. Kwanini wanafanya hivo usiniulize, labda ni mapambo.

Sehemu nyingi za Afrika watu wanaogopa kumgusa huyu ndege, wanasema ukibomoa kiota chake unapigwa na radi au unapatwa na mkosi. Mi sibishani na imani hiyo, imelinda viota vingi kuliko mabango ya serikali.

Na kosa la kawaida ni kudhani aliyemo ndiye aliyejenga. Fundichuma anajenga zaidi ya anavyohitaji, wanandoa wawili wanaweza kujenga viota vitatu mpaka vitano kwa mwaka, vilivyobaki vinapata wapangaji: bundi mkubwa anakaa juu ya paa, ndani anaweza kuwepo kanu, kenge, nyuki, au nyoka. Kwaiyo usipande kuchungulia. Tafadhali.

Wa matope

Kundi hili ni rahisi kulijua maana kazi yao ipo chini ya madaraja na kwenye kuta zetu.

Mbayuwayu anaokota matope ukingoni mwa dimbwi, anatengeneza kidonge mdomoni, anakwenda kukibandika ukutani. Sogea uangalie kwa karibu kiota kitupu, utaviona vidonge kimojakimoja kama matofali, na mara nyingine rangi zinatofautiana mistari kwa mistari, maana dimbwi la kwanza lilikauka akahamia lingine. Hajengi haraka. Anaweka mstari anasubiri ukauke, ndani anachanganya na nyasi, ndio "nondo" zake. Kikiwa nusu bakuli wazi juu, chini ya daraja na karibu na maji, mara nyingi ni yule mwenye nyuzi mbili ndefu mkiani. Kikiwa kama chupa iliyolazwa na shingo ya kuingilia ni wa aina nyingine, wenye michirizi kifuani.

Kidude cha matope ukutani ambacho hakina vidonge, kimelainishwa, kama mtungi mdogo au mirija iliyopangana, huyo sio ndege, ni nyigu. Jike anajenga chumba, anajaza viwavi au buibui aliowachoma sindano wakapooza (hawajafa, wako hai hawajongei, ndo friji yenyewe hiyo), anataga yai moja, anaziba. Kama kimezibwa kabisa mtoto bado yuko ndani. Kama kina tundu la duara basi ameshatoka, unaweza kukibandua.

Heroe wa Ziwa Natron wao wanachota tope la magadi kwa midomo wanarundika kama kichuguu kidogo chenye kibakuli juu, yai moja tu juu yake. Ule mwinuko unalitoa yai kwenye joto la chini na kwenye maji, na lile tope lenyewe la magadi linawazuia fisi na mbweha kuvuka. Natron ndo sehemu pekee Afrika Mashariki wanapozalia kwa uhakika, na ndo maana watu wanapiga kelele kila ukija mradi wa magadi pale.

Mchwa nao ni wa matope, ila saruji yao ni udongo uliochanganywa na mate. Kichuguu kikubwa usikiite kiota cha mchwa tu, ndani kuna shamba la uyoga wanalolima wenyewe, na ule uyoga mkubwa tunaookota mvua zikianza unatokea humohumo. Kikifa kinageuka nyumba ya kupanga: nguchiro wanahamia familia nzima. Kenge jike yeye anachimba kilicho hai, anataga mayai humo, mchwa wakikiziba tena mayai yanabaki kwenye joto zuri bila gharama.

Gundi na uzi

Hapa unahitaji macho. Chukua kiota kidogo kinachoning'inia kama soksi chafu kwenye kamti kadogo, karibu na baraza yako, mara nyingine kwenye waya wa kuanikia nguo. Kinaonekana kama takataka zilizonaswa. Huyo ni chozi. Ukigusa (kikiwa kitupu) kinavutika, kwasababu kimeshikiliwa na utando wa buibui, amezungusha uzi wa buibui kwenye majani makavu, magome, vumbi la mbao, hata vinyesi vya viwavi. Na ile takataka ya nje ndo ujanja wenyewe, kinaonekana hakina maana. Angalia juu ya mlango, utakuta kibaraza kidogo kimetokeza kuzuia mvua. Makinda yakikua kiota kinatanuka nayo, maana buibui katengeneza mpira.

Teleka yule mwembamba anayeruka kwa kasi kuzunguka minazi yeye anabandika manyoya na nyuzi laini upande wa chini wa kuti kwa mate yake, alafu anabandika na mayai kwa mate hayohayo, kwasababu kuti lina upepo na mayai yasipogundishwa yanadondoka. Anaatamia akiwa amening'inia wima. Kuvikuta ni kazi, tafuta kuti kavu linaloning'inia kwenye mnazi, angalia chini kama kuna mayai yaliyopasuka au matone meupe.

Na maji moto, wale sisimizi wekundu wa kwenye miembe ambao kila mtoto wa pwani kawahi kulia kwa ajili yao. Kiota chao ni majani mabichi yameshonwa pamoja kama mpira. Wanajipanga mstari wanayavuta majani mawili yakutane, wengine wanamleta mtoto, yaani buu, wanambana kwa taya taratibu, anatoa uzi wa hariri, wanampeleka huku na huku kati ya majani kama charahani. Mtoto ndo gundi. Kabla hujauchoma mti moto kumbuka hao maji moto wanawafukuza wadudu wanaonyonya na kuangusha nazi changa, wakulima wa minazi Zanzibar na bara wanajua faida yao.

Wasiobeba chochote

Mamba na kasa vifaa vyao ni mchanga na jua. Kasa wa kijani anapanda ufukweni usiku, anachimba, anataga mayai yanayoweza kupita 100, anafukia, anarudi baharini, na baada ya miezi miwili hivi vinatoka vitoto. Hakuna kiota cha kuona ila utaona njia, alama pana kama tairi la trekta limepanda kutoka majini na kurudi. Joto la mchanga ndo linaamua jinsia, mchanga wa moto sana unatoa majike wengi. Ukiona njia hiyo asubuhi, usichimbe kuhakikisha, na usiku usimulike tochi, atageuka arudi bila kutaga. Kama ufukwe wenu una kikundi cha kulinda kasa waambie.

Kwenye msitu wa Arabuko-Sokoke kule pwani ya Kenya kuna sange mwenye makalio ya dhahabu, mnyama wa kama sungura mdogo mwenye pua kama mkonga. Kiota chake ni lundo la majani makavu juu ya shimo dogo, huwezi kulitofautisha na majani mengine ya msituni. Analijenga alfajiri wakati majani yana umande, maana majani makavu yanapiga kelele na majani yenye maji hayapigi. Na ana viota vingi, anahamahama, adui asimzoee.

Sokwe, kitanda kila jioni

Huyu nilisema nitamrudia. Sokwe wa Gombe, Mahale, Bonde la Issa, Kibale na kwingineko hajengi leba, anatandika kitanda, kila jioni kipya, juu ya mti. Anasimama mahali penye matawi ya kukutana, anayakunja kuelekea kwake moja baada ya jingine, mengine yanavunjika nusu lakini hayakatiki, anayakanyaga, anayafumbata yaliyobaki mpaka iwe jukwaa lenye kunesa kama godoro la springi, alafu anavunja vitawi vyenye majani laini anaweka juu. Dakika chache tu, kazi imeisha. Watoto wanalala na mama zao miaka ya mwanzo na mchana unawaona wanachezea kutengeneza vitanda vya uongo.

Usidhani anakunja mti wowote. Huko Semliki, Uganda, watafiti walipima vitanda 1,844 wakakuta asilimia 73.6 vimetandikwa kwenye aina moja ya mti mgumu, wakati mti huo ni asilimia 9.6 tu ya miti ya pale. Tawi lake ni gumu lakini linajikunja bila kuachia, na majani yake yamekaa karibukaribu. Anajua anachonunua.

Kingine kilichonichekesha, mwaka 2018 ilitoka ripoti ya vitanda 41 vya sokwe wa Bonde la Issa, magharibi mwa Tanzania. Walichukua sampuli za bakteria. Kwenye vitanda vya binadamu kama asilimia 35 ya bakteria wanatoka miilini mwetu, kwenye vya sokwe ilikua kama asilimia 3.5. Mashuka hufui wiki mbili alafu unamuita mwenzio nyani.

Ukiwa hifadhini angalia rangi ya majani tena, kanuni ileile ya mnana: kijani, kalala jana. Kahawia, wiki kadhaa. Mifupa ya matawi tu, miezi. Watafiti wanahesabu hivi vitanda kukadiria idadi ya sokwe bila kuwaona kabisa.

Mjini

Kunguru wa Zanzibar wale waliojaa Dar kiota chao kichunguze vizuri, utakuta bainding waya za site, vipande vya nyaya za umeme, mifagio ya chelewa. Waya unapinda na unabaki ulivyopinda, hauozi, kwa kunguru ni fito za bure. Shomoro yeye anaingiza kila kitu laini darini kwako, pamba za godoro, nyuzi, manyoya ya kuku, na kule Mexico City waliwahi kukuta shomoro wanaingiza vichungi vya sigara, na viota vyenye vichungi vingi vilikua na utitiri mchache, inaonekana ile nikotini inawafukuza.

Tatizo ni nyuzi za sandarusi na za nyavu. Hazikatiki, zinamzunguka kinda mguuni, anakua na uzi haukui. Rambo, ile mifuko ya plastiki, zimepungua tangu marufuku ya Tanzania ya Juni 2019 lakini sandarusi zipo palepale. Kama unataka kuwasaidia ndege wa nyumbani kwako waachie nyasi ndefu kona moja ya uwanja, na kadimbwi ka matope msimu wa mvua, na utando wa buibui wa nje usiufagie wote. Nyuzi za plastiki zikate fupifupi kabla ya kuzitupa.

Kuchambua kiota kilichoachwa

Hakikisha kimeachwa kwanza. Kitazame wiki mbili, hakuna anayeingia, hakuna kinyesi kibichi chini, mara nyingi buibui ameshatanda mlangoni. Ndani ya hifadhi usiguse kitu, piga picha basi.

Kikiwa cha nyumbani kwako vaa glovu, kata tawi zima usikivute, kitumbukize kwenye mfuko ufunge. Utitiri wa ndege unauma watu, mi niliwahi kukiweka kiota mezani bila mfuko nikajikuna siku tatu. Kama una friji ya kugandisha kiache humo siku mbili, kama huna kianike juani kikiwa ndani ya mfuko.

Alafu tandaza gazeti, pima upana, kina na mlango, piga picha ukiwa umeweka rula pembeni. Anza kukifungua kutoka nje kuja ndani na utenge mafungu matatu: vya kubeba uzito (fito, chane ndefu), vya kufungia (utando, matope, mizizi myembamba), na vya kulalia (manyoya, pamba, nyasi laini). Hesabu. Usikadirie, hesabu kimojakimoja, hapo ndo utaheshimu. Fungu la kulalia liangalie zaidi maana humo utajua ndege anazunguka wapi, utakuta nywele za mbwa wa jirani, uzi wa kanga yako, manyoya ya njiwa. Ukimaliza osha mikono na sabuni.

Kinda likidondoka

Kama halina manyoya lirudishe kiotani, wazazi hawalitupi kwa harufu ya mkono wako, hiyo ni stori ya kututisha utotoni. Kama lina manyoya na linarukaruka chini, liache, liko darasa la kuruka, mfungie paka tu. Kiota chenyewe kikianguka na makinda, chukua kikapu kidogo au kopo la plastiki ulilotoboa matundu chini maji yasituame, tandika nyasi za kilekile kiota, kifunge kwenye tawi lilelile au la karibu yake pasipo jua kali, weka makinda, sogea mbali na subiri kama saa moja hivi uone kama wazazi wanarudi kulisha.